Nyuki wamejaa uani, mbona pasheni haizai?

Malalamiko haya yamezoeleka Tanga, kuanzia Makorora hadi Pongwe. Pasheni imetanda juu ya uzio, maua yanafunguka kila siku, nyuki wanavuma humo tangu adhuhuri, lakini matunda ni ya kuhesabu. Upande wa pili wa uwanja, boga linatoa kijiboga, kijiboga kinageuka manjano, kinadondoka. Mwenye bustani anatazama, anaona nyuki wapo, basi anahitimisha kwamba kasoro ni mbolea, au udongo una chumvi, au kuna mtu mwenye jicho baya. Mwingine anakwenda moja kwa moja duka la pembejeo kununua dawa, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi.

Kuona nyuki hakutoshi. Swali la kujiuliza ni: nyuki gani, kwenye ua gani, saa ngapi? Bustani ya uani ina wageni wengi ambao hawafanyi kazi moja. Wapo wa alfajiri, wapo wa mchana wa jua kali, wapo wa magharibi. Asipofika anayehusika, hata wakija elfu moja wasiohusika, tunda halitungi.

Tuanze na ua lenyewe. Lina sehemu ya kiume inayotoa chavua, ule unga wa manjano unaobaki kidoleni ukiligusa, na sehemu ya kike inayotakiwa kuupokea. Unga ukifika, mbegu hutunga na tunda hukua kuzizunguka. Usipofika, mmea haupotezi chakula kulisha tunda lisilo na mbegu, hulidondosha. Mahindi huutegemea upepo kusafirisha chavua. Mazao mengi ya uani hutegemea kiumbe hai, na kiumbe huyo haji kwa hisani. Anafuata mbochi, yaani ule utamu wa majimaji ulio ndani ya ua, au anafuata chavua yenyewe akalishe watoto wake. Uchavushaji, yaani kufikisha chavua kwenye sehemu ya kike, hutokea akiwa katika shughuli zake.

Boga lina asubuhi moja tu

Maboga, matango na matikiti ni ukoo mmoja, na kwa kawaida huwa na maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea huohuo. Ua jike utalijua kwa kijiboga kilichokaa chini yake hata kabla halijafunguka. Ua dume limesimama juu ya kikonyo chembamba kitupu. Maua dume hutangulia, kwa hiyo yale ya kwanza yakipukutika bila kuacha kitu usiwe na wasiwasi. Hayakuwa na cha kuacha.

Ua la boga hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshafunga, halifunguki tena. Ua jike, kwa hiyo, lina asubuhi hiyo moja ya kutembelewa, na si mara moja, kwa sababu linahitaji chavua nyingi. Likipata kidogo, tunda hutokea lakini huwa na upande mmoja mnene na mwingine uliosinyaa. Tango lililojipinda mara nyingi lina hadithi hiyohiyo. Sasa fikiria masika, Aprili au Mei, mvua inanyesha tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4. Nyuki hawatoki. Mvua inapokatika, maua yameshafunga. Ndiyo maana maboga hustawi majani wakati wa masika na kuangusha vijiboga vyake, na mbolea haina la kufanya hapo.

Kuna na sababu nyingine ambayo huizungumzi na mama wa nyumba bila kujiandaa. Maua ya boga ni mboga tamu mno ikiungwa na tui la nazi, na mkono ukiingia kuchuma huchukua dume zote. Bila dume hakuna chavua. Chuma, lakini acha maua dume angalau matatu kwa kila mmea, na anza kuchuma baada ya saa 4, nyuki wakishamaliza. Siku za mvua fanya kazi mwenyewe: chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, libandue petali, kisha upake ule ulimi wake wenye unga katikati ya ua jike.

Pasheni na yule mweusi mkubwa

Kwenye pasheni ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa zaidi, na ndipo ninapowaomba watu wachuchumae kidogo watazame.

Pasheni inayofaa pwani ni ile ya manjano, ambayo wengine huiita karakara; ya zambarau hupenda baridi ya milimani kama Lushoto. Ua la pasheni ya manjano hufunguka mchana, kuanzia saa 6 hivi, na kufunga usiku. Ukilitazama kwa upande utaona katikati yake kijiti kilichosimama. Juu ya kijiti kuna vifuko vitano vya chavua vilivyoning'inia vikitazama chini, na juu ya hivyo kuna vikono vitatu, ndivyo sehemu ya kike. Ua linapofunguka vile vikono vimesimama wima, haviguswi na yeyote. Muda si mrefu huanza kujikunja kushuka, hadi vinafika usawa wa vifuko vya chavua. Mbochi uko chini kabisa, kuzunguka shina la kijiti.

Nyuki wa asali akitua hapo anapita chini ya vyote hivyo akiwa na nafasi tele juu ya mgongo wake, maana ni mdogo. Au anapanda hadi kwenye vifuko, anakomba chavua, anaipakia miguuni na kuondoka nayo, bila kugusa vile vikono hata kidogo. Kwa hiyo uvumi unaousikia kwenye uzio wako mchana kutwa unaweza kuwa wa wale wanaochukua chavua bila kuifikisha popote. Mchavushaji wa kweli akifika saa 8, anakuta vifuko vitupu.

Mchavushaji huyo ni nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Anakuja kwa kishindo, ua zima linatikisika anapotua. Anazunguka kile kijiti akinyonya mbochi, na kwa kuwa mwili wake ni mnene, mgongo wake unasugua vifuko na vikono kwa pamoja. Akiinuka utaona mgongo umepakaa manjano kati ya mabawa. Anaruka hadi ua la pili, la tatu, na kazi imekwisha.

Bahati mbaya ndiye tunayemuua. Watu wanamwogopa kwa ukubwa wake, na mafundi wanamchukia kwa sababu ya boriti. Jike ana mwiba lakini hautumii mpaka ashikwe. Dume hana mwiba kabisa, na katika baadhi ya aina ana manyoya ya kimanjano; ndiye huyo anayeelea mbele ya uso wako kana kwamba anakuuliza umefuata nini. Analinda eneo lake, basi. Jike hatafuni mbao kwa kula. Anachonga tundu la duara, upana wa kidole hivi, na ndani yake anapanga vyumba, kila chumba yai moja na donge la chavua na mbochi.

Mkazi wa Tanga ana dawa ya tatizo hili karibu. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kila mmea wa mkonge ukikaribia kufa hutoa mlingoti mmoja mrefu. Mlingoti mkavu ni laini ndani na mgumu kidogo nje. Kata vipande vya mita moja, vifunge kwa ulalo chini ya upenu mvua isipofika, karibu na pasheni. Ukimpa nyuki huyu mbao laini ya kuchonga, boriti ya mninga haitamvutia sana. Nimeona zizi lililojengwa kwa milingoti likiwa na matundu kila nguzo, na pasheni iliyopanda juu yake imezaa hadi kuvunja kamba.

Bado kuna fundo la pili. Pasheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe, hata ikitoka kwenye ua jingine la mmea huohuo. Inataka chavua ya mmea tofauti. Mtu akichukua vipandikizi vitano kwa jirani mmoja, amepanda mmea uleule mara tano. Vinapanda uzio, vinachanua, vinatembelewa na mchavushaji halisi, na bado hakuna kitu. Omba mbegu au mche mtaa mwingine. Halafu, kama nyuki weusi bado ni wachache, chukua chavua ya mmea huu kwa kidole ukaipake vikono vya mmea ule, kati ya saa 7 na saa 10, vikono vikiwa vimeshashuka.

Nyanya, biringanya, ngogwe

Hawa wana ujanja mwingine. Chavua yao imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha, na kwa kawaida ua halina mbochi. Nyuki wa asali hana njia ya kuitoa. Wanaoweza ni wale wanaojua kulitetemesha ua: nyuki anakumbatia vifuko, anatuliza mabawa, kisha anatikisa misuli ya kifua kwa kasi hadi chavua inamwagika tumboni mwake. Unaweza kusikia. Mvumo wa kuruka unakatika, kinafuata kilio kifupi chembamba, kisha anaruka tena. Yule mweusi wa mbao anaweza, na wapo wengine wadogo wenye michirizi ya buluu tumboni, wanaoruka kwa kasi na kusimama hewani. Watafiti waliofuatilia biringanya huko Nguruman, kusini mwa Kenya, waliwakuta nyuki wa porini wa aina hii ndio wanaofanya kazi, akiwamo mtoboa mbao. Maua ya urujuani ya asili ya milima yetu ya Usambara, ambayo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, nayo vifuko vyake vya manjano vinasubiri mtetemesho huohuo.

Nyanya haitegemei nyuki kama biringanya. Upepo wa kusi ukiitikisa, inajichavusha. Ikipukutisha maua Januari au Februari, mlaumu joto la usiku, linalodhoofisha chavua yake. Hapo kivuli kitakusaidia kuliko kitu kingine.

Wasiojulikana kuwa ni nyuki

Vile vidudu vyeusi vya milimita 3 hivi vinavyokuandama machoni na kwenye jasho ukiwa unapalilia, ambavyo unavipiga kofi ukidhani ni inzi, mara nyingi ni nyuki wasiouma. Wanafuata chumvi na unyevu. Tafuta kwenye ufa wa ukuta wa mawe au udongo, utaona mrija mfupi wa nta umechomoza, na wao wanaingia na kutoka. Wanatunza asali ndani ya vifuko vya nta badala ya masega, na asali yao ina uchachu. Watu huithamini kama dawa na huuzwa ghali. Kila ukuta wa zamani unapopigwa plasta bila kuangalia, kundi zima hufungiwa ndani. Kama fundi anakuja kesho, mwonyeshe ule mrija, aache nafasi ya upana wa kiganja.

Halafu kuna yule anayekata majani. Ukiona jani la waridi au la mkunde limekatwa pembeni nusu duara safi, kana kwamba kwa mkasi, usinyunyize dawa ya viwavi. Ni nyuki anayeishi peke yake. Anavikunja vipande hivyo kuwa vikombe vya kulelea watoto ndani ya tundu. Mmea haudhuriki. Utamtambua akiwa kwenye ua kwa sababu hubeba chavua chini ya tumbo, si miguuni.

Watu wengi pia huchanganya nyuki na inzi wa maua, wenye michirizi ya manjano kama wao. Hesabu mabawa ukiweza: nyuki ana jozi mbili, inzi jozi moja. Inzi ana macho makubwa yanayojaza kichwa na vipapasio vifupi sana. Nyigu ana kiuno chembamba na manyoya machache. Huyo anatafuta viwavi na buibui wa kulisha watoto wake, jambo ambalo ni msaada mwingine.

Kuhusu nyuki wa asali

Sisemi kwamba nyuki wa asali hana faida. Kwenye boga, tango, mchungwa, mkorosho na mnazi yeye ni mfanyakazi mkubwa. Lakini ana tabia ya kufuata chanzo kimoja. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki akigundua maua mazuri hurudi mzingani na kucheza ngoma inayowaelekeza wenzake upande na umbali. Kwa hiyo miembe ya mtaa ikichanua, kundi zima linaweza kuhamia huko na kulisahau tango lako. Hawajafa. Wamepata shughuli.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mtu aweke mzinga uani. Kwa uwanja wa Ngamiani au Chuda, wenye nyumba zilizobanana, jibu langu ni hapana. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali wakilinda kiota, na mbuzi aliyefungwa kamba au kuku bandani hana pa kukimbilia. Na kwa pasheni, biringanya na papai, mzinga hautakusaidia chochote.

Kundi linaloning'inia kwenye tawi la mwembe ni jambo tofauti. Hao wako safarini; wamehama au wamegawanyika, hawana watoto wala akiba ya kulinda, na kwa kawaida wana utulivu. Mara nyingi huondoka baada ya siku moja au mbili. Msiwachome moto, msiwarushie mawe, ondoeni watoto na mifugo hapo. Wakionekana kutaka kukaa, mwiteni mfugaji nyuki au afisa nyuki wa halmashauri. Ukiumwa, ng'oa mwiba haraka kwa ukucha, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshakwenda. Mwiba huo pia hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo ndiyo inayowaita wengine. Ondoka mbio, funika uso, ingia ndani. Mtu akivimba uso au akikosa pumzi, ni hospitali mara moja.

Juu ya mnazi

Mnazi huchanua mwaka mzima, ndiyo sababu nyuki wa pwani hawakosi kabisa chavua hata kiangazi. Lakini vidaka, yaani nazi changa, vikidondoka kwa wingi, mara nyingi tatizo si uchavushaji. Kuna mdudu fyonza anayechoma vidaka kwa mdomo wake, na adui yake mkubwa ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Jambo hili lilichunguzwa Unguja tangu miaka ya 1950. Wapandaji wanawachukia majimoto kwa haki, maana wanauma. Hata hivyo ningewaacha kwenye minazi na mikorosho. Kwenye uzio wa pasheni ningewaondoa, kwa sababu huwavizia nyuki kwenye maua na kuwafukuza.

Chozi naye, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, hunyonya mbochi na kulisha makinda wake buibui na wadudu. Wamepungua panapokuwa na kunguru wengi. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na sasa pwani yote wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Taka za jikoni zilizofunikwa huwapunguza kuliko mawe.

Wa magharibi

Mpapai ndio unaowashangaza watu zaidi. Mipapai mingi ni ama dume ama jike. Maua ya dume yana mbochi; ua jike halina, au lina kidogo mno, ila linafanana na la dume vya kutosha kumdanganya mgeni alitembelee. Mgeni huyo huja jua likizama: nondo mkubwa, mwenye mwili mnene na mrija mrefu, anayesimama hewani mbele ya ua bila kutua. Kaeni barazani baada ya sala ya magharibi mkitazama mpapai dume, taa ya nje ikiwa imezimwa, maana taa humvuta nondo akasahau maua. Ndugu zake hao ndio wanaotembelea maua meupe ya mung'unya, yanayofunguka jioni.

Sasa, nondo huyu alikuwa kiwavi. Kile kiwavi kikubwa chenye pembe mkiani unachokikuta kimetafuna matembele ni wa jamii hiyohiyo, na watu humnyunyizia dawa tuta zima. Mimi humwokota kwa mkono na kumpeleka kwenye matembele ya pembeni niliyoyaacha yajitambalie nyuma ya choo, ambako hakuna anayechuma. Na kama hamna budi kutumia dawa, isiwe ya unga, kwa kuwa nyuki huikusanya pamoja na chavua na kuipeleka nyumbani. Msiipige kwenye ua lolote lililo wazi. Ipigwe kwenye mmea ulioathirika tu, mipapai ikiachwa kabisa. Boga na tango hupigwa alasiri maua yakiwa yamefunga. Pasheni hupigwa asubuhi na mapema, kabla ya maua ya siku hiyo kufunguka, na kwa dawa isiyodumu kwenye majani zaidi ya saa chache.